Tuzo ya Ukimya

“Rudi dirishani, mama! Kanuni ni kanuni!”

“Siendi. Kanuni hiyo niliitunga mimi mwenyewe, na leo naivunja mimi mwenyewe.”

“Una damu yako kwenye filamu hii. Mwenye damu yake hana kinywa!”

“Na ninyi msio na damu yenu humo, masikio mnayo?”

Mwenyekiti alipiga meza mpaka chai ikaruka kwenye kikombe chake na kumlowesha tai. Tunamwita Bwana Kina, kwa sababu kwake yeye filamu ama ina kina ama haina kina. Zaidi ya hapo hajui kitu, ila hilo moja analijua kwa sauti kubwa.

Mliokuwa nami wiki zilizopita mnajua nilikotoka. Baba watoto alihama na televisheni, akaniachia meza yake. Mhariri akaupunguza ukurasa wangu wa filamu mpaka ukawa kipande kisichotosha kufungia sabuni. Kisha binti yangu wa pekee, tuliyembandika jina la Cherehani kwa jinsi mdomo wake usivyopoa tangu utotoni, akaacha kazi yake ya benki kwenda kuigiza kwenye filamu ya mume wake. Niliyokuwa nayo ya kusema kuhusu uamuzi huo niliyasema yote, na majirani waliyasikia. Anayeanza kunisoma leo, hayo yanamtosha.

Siku hiyo chama chetu cha wahakiki kilikuwa kinachagua filamu bora ya mwaka.

Watu wa nje wanadhani sisi ni baraza la wenye busara. Laiti wangetuona. Ni meza moja ndefu kwenye chumba kilicho juu ya mtambo wa kuchapia gazeti, feni inayozunguka kwa manung'uniko, na watu wazima wanaogombea biskuti huku wakitamka neno “dhamira”.

Desturi yetu ya maana ni moja tu. Mhakiki mwenye ndugu kwenye filamu inayojadiliwa huhama mezani, hukaa kwenye kiti cha dirishani, na hafungui kinywa mpaka kura zihesabiwe. Ndipo nilipokuwa nimekaa, kwa adabu zangu zote, mpaka Miwani alipoanza kusema.

Miwani ni dada wa jarida la mitindo. Havui miwani yake myeusi hata ndani ya ukumbi wa sinema. Anachokiona humo anakijua Mungu.

“Kilichonimaliza mimi,” alisema, “ni ule ukimya. Yule mfagiaji wa hospitali anaingia kwenye kikao cha madaktari, anafungua mdomo, na sauti inakatika. Kimya! Midomo inacheza, hakuna neno, mpaka anapotoka na mlango unafungwa. Nililia.”

“Mwongozaji ametunyima sauti ili tusikie kwa macho,” Bwana Kina alisema. “Niliandika hivyo kwenye safu yangu.”

“Niliisoma. Nikalia tena.”

Nilikishika kiti kwa mikono miwili.

Ukimya gani? Filamu ile nilikuwa nimeiona nyumbani kwa mkwe wangu, siku aliyomaliza kuihariri, nimesimama nyuma ya kiti chake. Pale Cherehani alipoingia kwenye kikao cha madaktari, alisema. Tena alisema maneno ambayo mume wake hakuyaandika.

Binti yangu aliwahi kufiwa na mtoto mchanga hospitalini. Tangu siku ile hakulitamka jambo hilo kwa mtu yeyote, hata kwangu mimi ninayeweza kulitoa jiwe maneno. Aliongea juu ya kila kitu kingine, lakini hilo alilimeza. Kisha siku moja, amevaa koti la mfagiaji, mbele ya kamera, likamtoka lote. Halikurudiwa. Mimi mama yake nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye spika mbili ndogo, na sikuweza kurudi nyumbani mpaka nilipoketi ngazini kwanza.

Na sasa hawa wananiambia kimya?

“Ni kasoro!” nilipaza sauti. “Nakala mliyotumiwa ni mbovu! Sauti ya kile kipande imepotea!”

Ndipo likazuka hilo la kanuni na dirisha.

“Mama,” Bwana Kina alisema akijipangusa tai, “kazi ya sanaa haiwi na kasoro ya namna hiyo. Ukimya ule una kina.”

“Una waya uliokatika. Nani kati yenu alimwandikia mwongozaji kumuuliza?”

Mikono yote ikaenda kwenye sahani ya biskuti.

“Nani?”

Mwanaredio alijikuna shingo. Huyu ana kipindi cha filamu redioni, na ndiye pekee mwenye aibu kidogo pale mezani.

“Mimi nilidhani ni kompyuta yangu,” alisema. “Niliizima, nikaiwasha. Nikavaa hedifoni. Nikaazima kompyuta ya shemeji.”

“Halafu?”

“Halafu nikasoma safu ya mwenyekiti kuhusu ukimya. Nikaona bora ninyamaze, nisije nikaonekana sikuelewa.”

“Na wewe Miwani?”

“Mimi nilielewa tangu mwanzo,” alisema Miwani, lakini aliisogeza miwani yake puani.

Hao ndio wahakiki wenu. Fundi bomba akifungua bomba lisitoe maji, anasema bomba bovu. Mhakiki anasema bomba linatafakari.

“Basi tumpigie mwenyewe,” Bwana Kina akasema. “Kwenye spika. Wote tusikie.”

Nilifurahi. Mkwe wangu nina mengi dhidi yake, lakini nilijua atasema kweli. Kosa ni la mtambo, na mtambo hauna ukoo wa kuaibisha.

“Kijana wangu,” mwenyekiti alisema simu ilipopokelewa, “ule ukimya wa kikao cha madaktari. Watu wanauliza. Ni uamuzi wako au ni hitilafu?”

Nilimsikia mkwe wangu akivuta pumzi, halafu akaiachia polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

“Ni uamuzi,” alisema.

“Mnaona?” alisema Bwana Kina.

“Nilitaka mwanamke asiyesikika,” mkwe wangu aliendelea, na sasa alishapata mteremko. “Ndiyo maana nilitafuta mwigizaji wa aina hiyo.”

“Aina gani?”

“Asiyesema.”

“Asiyesema vipi? Bubu?”

Hapo angeweza kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mtu akishauza uongo wa kwanza kwa bei nzuri, wa pili anautoa nyongeza.

“Bubu,” alisema. “Ndiyo.”

Niliinuka. “Bubu nani? Mtoto niliyemzaa mimi? Yule anaongea mpaka usingizini! Shuleni walimweka dawati la peke yake!”

Bwana Kina akaikata simu. Wote wakanigeukia, na nyuso zao zikalainika kwa pamoja. Miwani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavua miwani.

“Mama,” alisema kwa upole uliotaka kunitapisha, “hukuwahi kutuambia.”

“Kwa sababu hakuna la kuwaambia!”

“Wazazi wengi huona aibu. Hatukuhukumu.”

“Dada, mimi jana nimeongea naye kwa simu!”

“Kwa simu,” Miwani alirudia, akawatazama wenzake na kutikisa kichwa. Mwanaredio akanisogezea biskuti.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mabubu wa kweli wapo mitaani, wana akili na vipaji, na hakuna kati ya hawa aliyewahi kuwafungulia mlango. Leo wamempata wa bandia, wanataka kumbeba mabegani.

Kura zikapigwa. Filamu bora ya mwaka, ya mkwe wangu. Mwongozaji bora, mkwe wangu. Ilipofika kwa mwigizaji bora wa kike, Bwana Kina akasema itakuwa vigumu kumpima mtu asiyetamka neno, wakampa mwanamke mwingine. Binti yangu wakamtungia tuzo yake pembeni, ya “ujasiri”. Hata mtoto anayeshika mkia darasani hupewa zawadi ya usafi.

“Kesho mchana nawataka studio,” Mwanaredio alisema. “Mwongozaji, mke wake, na wewe, mama. Matangazo ya moja kwa moja.”

Bubu redioni! Hilo nalo lilihitaji mhakiki kulifikiria.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa binti yangu. Sebule yao nusu ni ya kukalia, nusu ni ya kazi ya mume: kompyuta mbili, spika, mablanketi yamepigiliwa madirishani. Cherehani alikuwa anapiga pasi. Nikamsalimia. Akaitikia kwa kichwa.

“Umeanza lini ububu?”

Akachungulia ukumbini, akaweka pasi chini. “Mama, taratibu. Dirisha la jirani liko wazi.”

“Kwa hiyo unajua.”

“Kanieleza. Alisema limemponyoka.”

“Mate ndiyo yanayomponyoka mtu. Uongo mtu anautema.”

“Ni mpaka tuzo ipite tu. Halafu atasema ukweli.”

“Nani kakwambia?”

“Yeye.”

“Yeye yupi? Huyu aliyewaambia watu huna ulimi?”

Mkwe wangu aliingia na simu mkononi, uso unamng'aa. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Tuma nakala nzuri kwa chama, sasa hivi, nikiangalia.”

“Mama, haiwezekani tena. Mwenye majumba ya sinema amenipigia. Anaichukua filamu kama ilivyo, bila sauti pale. Na anataka nyingine, na huyuhuyu, vilevile haongei.”

“Nyingine? Kwa hiyo ububu wenyewe unaisha lini?”

“Tukishapata jina.”

“Jina la nani? Wewe unapata jina. Huyu anapata nini, koo la kukopesha?”

“Si kwa ubaya, mama. Watu wameipenda hivyo.”

“Watu gani? Wale? Mmoja alidhani kompyuta yake imeharibika, wa pili haoni kwa miwani, wa tatu ameshaandika, hawezi kufuta! Kwa ajili ya hao unamfukia mke wako?”

Akaketi kwenye kiti chake cha kazi. Ule mng'ao ukamtoka. Alikaa akiitazama kompyuta iliyozimwa.

“Mama, wewe uliyasikia yale maneno mara moja,” alisema. “Mimi ndiye niliyekihariri kile kipande. Kukata, kuunga, kurudisha nyuma, tena na tena. Kila siku namsikia akimwambia daktari mtoto alikuwa na joto. Yule alikuwa mtoto wangu pia. Sauti ilipopotea sikufanya kusudi, wallahi. Lakini waliposema wameipenda bila sauti, nilipumua.”

Nilitazama mablanketi ya dirishani.

Nikajikaza. “Ungesema basi kwamba umeshindwa kuisikia. Hilo mtu anasamehewa. Kwa nini umkate mwenzio ulimi?”

“Mama, nyamaza!”

Alikuwa Cherehani. Pasi imo mkononi tena, ameiinua, nikadhani anairusha.

“Wote mnyamaze. Huyu ananizima, wewe unanisemea. Kule chamani ulisimama ukasema mimi ni hivi na vile. Uliniuliza? Wale wanaamua, huyu anaamua, wewe unaamua. Mimi niko wapi hapo?”

“Mwanangu, nilikuwa nakutetea.”

“Nilijua utasema hivyo. Nenda nyumbani, mama. Kesho nitakuja studio, nitakaa kitini, na nitaamua mwenyewe kukaa kimya. Angalau ukimya huo utakuwa wangu.”

Nikaenda nyumbani. Diploma yangu ya uandishi wa habari ilinifundisha kuandika kwa haraka kila kinachosemwa, na yale yote niliyaandika kichwani njia nzima. Sikupata pa kuyapinga.

Kesho yake studio ilikuwa chumba chenye ukubwa wa stoo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, maikrofoni tatu mezani na taa nyekundu juu ya mlango. Mkwe wangu alivaa koti. Cherehani alivaa gauni la kijivu alilochaguliwa, na skafu shingoni, kana kwamba ububu ni ugonjwa wa mafua.

Nilikaa karibu naye. Hakunitazama.

Taa ikawaka.

“Wasikilizaji wapenzi,” Mwanaredio alianza, kwa ile sauti yake ya kupaka siagi, “leo tunao washindi wetu wa mwaka! Mwongozaji aliyethubutu kunyamaza, na mwigizaji ambaye kimya chake kimeitikisa nchi!”

Nchi ilikuwa bado haijaiona filamu. Tulioiona tungeenea kwenye ile stoo.

Mkwe wangu akaongea. Akaongea vizuri, sitamsingizia. Alisema kuhusu maumivu yasiyo na maneno, na kila alipolitamka neno “maumivu” Cherehani alikuwa anaushika ukingo wa meza. Mwanaredio akatikisa kichwa, akaguna, akasema “kina hicho,” kama mwanafunzi mwema wa mwenyekiti wake. Kisha akanigeukia.

“Na hapa tunaye mama mzazi, ambaye ninyi wasomaji wa magazeti mnamjua kwa kalamu yake kali. Mama, binti yako hawezi kutuambia mwenyewe. Hebu tusemee. Anajisikiaje leo?”

Maikrofoni ilikuwa mbele ya mdomo wangu. Nilikuwa na kila kitu tayari. Ningemtaja mkwe, ningemtaja Bwana Kina na safu yake, ningeutaja waya uliokatika, na chama kizima kingevuliwa nguo mbele ya watu wanaosikiliza wakiwa jikoni, dukani na kwenye foleni. Kwa miaka yote ya kukaa na wale watu, sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani dakika ile.

Hebu tusemee.

Nikaishika maikrofoni kwa shingo yake, nikaigeuza, nikaisogeza mpaka ikawa mbele ya binti yangu. Kisha nikafunga mdomo.

Mwanaredio alidhani nimezidiwa na machozi. “Mama?” alisema. “Karibu, mama.”

Sikumjibu.

“Tuko hewani, mama.”

Nilimtazama tu. Kimya alichokipigia kura ndicho hicho, nilikuwa nampa bure. Redioni kimya hakina kina, wasomaji wangu. Redioni kimya maana yake mitambo imekufa, na fundi aliye nyuma ya kioo alishasimama, anapunga mikono miwili kama anafukuza kuku. Jasho lilimtiririka Mwanaredio mpaka kwenye karatasi zake.

Mkwe wangu akainama mbele. “Mke wangu anasema kwa macho...”

Cherehani akaifungua ile skafu, akaiweka mezani. Akaisogeza maikrofoni karibu kidogo, kama mtu anayevuta sahani yake.

“Habari za mchana, wasikilizaji,” alisema. Sauti ilitoka na mikwaruzo, akakohoa, akaendelea. “Mimi ndiye yule bubu mnayeambiwa. Nina maneno yangu niliyoyasema mara moja tu maishani, na watu wakayapa zawadi kwa kuwa hawakuyasikia. Leo nayasema mara ya pili. Mwenye mtoto amshike mkononi.”

Mkwe wangu alinyoosha mkono kuelekea swichi ya kuzima maikrofoni iliyo pembeni ya meza. Mimi nilikuwa nimekaa mbali nao.

Cherehani akaudaka. Hakuusukuma. Aliushika, vidole ndani ya vidole, akaukandamiza juu ya meza, na bila kuuachia akamwambia daktari kwamba mtoto alikuwa na joto.